Vidole Vinne vya Barafu

Katika lugha ninayoandikia, kuteleza ni kosa.
Ulimi huteleza, mguu huteleza,
mtu mzima huteleza, watu wakatazamana.
Kwao Wytske Haarsma, karibu na Dokkum,
kuteleza ni kazi: kuna kocha, kuna mshahara,
na kuna nchi nzima inayobana pumzi
msichana akiinama kama anayetafuta sindano sakafuni,
mkono mmoja mgongoni, mwingine ukikata hewa.

Mita elfu tatu. Mizunguko saba na nusu.
Huko milimani, kwenye michezo ya mataifa,
aliteleza juu ya nyembe zilizonolewa na Gerlof,
fundi anayemung'unya peremende za chumvi
na hasemi na mtu siku ya mashindano.
Mizunguko mitano aliongoza.
Wa sita, mapaja yakaanza kudai deni.
Wa saba, yakadai na riba.
Ubao ukawaka: wa nne.
Kwa sehemu nne za mia za sekunde,
muda ambao jicho huwaza kupepesa
likaghairi.

Kijijini, vibendera vya rangi ya chungwa
vilikuwa vimetundikwa ukumbini tangu Jumanne.
Bi Tjitske wa duka la mikate alikuwa ameandika HONGERA
kwa sukari, juu ya keki pana kama meza.
Watu walinyamaza. Mtu akakohoa.
Kisha keki ikaliwa, maana keki haina kosa.

Mwandishi wa habari alimsogezea kipaza sauti
kabla hajafungua zipu ya shingoni:
unajisikiaje?
Wytske alitazama viatu vyake.
"Najisikia wa nne."

Aukelien, aliyelala naye chumba kimoja, ndiye aliyepata shaba,
ile ile, ya zile sehemu nne.
Usiku aliificha ndani ya soksi, kabatini, asimwumize mwenzake.
Ikagonga ubao.
Gizani Wytske akasema, "Itoe, dada, itashikwa na mafua."
Wakacheka hadi Waitalia wa chumba cha pili
wakapiga ukuta kwa ngumi.

Baba alipiga simu saa kumi na moja alfajiri, baada ya kukamua.
Hakutaja mbio. Wanaume wa huko
hulizunguka jambo kama paka na maziwa ya moto.
Alisema, ng'ombe nambari arobaini na moja amezaa, ndama jike.
Alisema, pampu imeharibika tena.
Alisema, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni,
mtaro wa nyuma ya nyumba umeganda.
Miaka sita haukuganda;
baridi ya siku hizi ni kama ahadi za kampeni.
"Vidole vinne," alisema. "Nimepima.
Vidole vinne hubeba mtu."
Halafu kimya, na pumzi za ng'ombe ndani ya simu.

Washindi walipokelewa kwa tarumbeta.
Yeye alipanda treni ya kwenda Leeuwarden,
begi mapajani, kidevu ndani ya kola,
mvua ikitishia kutoka magharibi.

Kiti cha jikoni kilikuwa kimeshatangulia juu ya barafu,
kile kile, mguu mmoja umefungwa waya,
alichokisukuma akiwa na miaka mitatu
akijifunza kwamba kuanguka kuna sauti
na kusimama hakuna.
Baba, miaka sitini na minane, aliacha viatu vyake vya mbao ukingoni,
akafunga nyembe za zamani kwa kamba za ngozi,
akilaani magoti yake kwa Kifrisia.

Hapakuwa na saa. Hapakuwa na mstari.
Barafu ililia mara moja, mlio mrefu wa chini,
kama mlango wa zizi la jirani.

"Inabeba?" Wytske aliuliza.
"Leo," baba akajibu,
akashika mgongo wa kiti, akatangulia,
naye akamfuata polepole,
wa pili kati ya watu wawili.