Mizani

Samahani, msomaji, shairi hili halina mizani.
Mizani yote iko jikoni kwangu, South B,
kando ya kopo la siagi, na betri zake mbili.
Yai, gramu ishirini na tisa. Krimu, arobaini.
Karoti, nane: kipande
ambacho jirani angemtupia kuku.

Kyalo ana miaka saba. Kifafa kilimpata akiwa na mitano.
Dawa ya kwanza ilimlaza, ya pili ikamvimbisha fizi,
ya tatu ilifanya kazi hadi Jumanne.
Ndipo Bi Wanyenje wa lishe akachora duara,
akalipaka mafuta karibu lote,
akabakiza kipembe: "Hapa ndipo wanga unapoishi.
Usiuruhusu kuhama."

Ukahama ugali. Chapati, andazi, ndizi.
Neno keki nililifuta nyumbani
kama namba ya mtu aliyeondoka bila kuaga.

Lakini upepo wa alfajiri haufuati lishe ya mtu.
Huvuka reli kutoka Eneo la Viwanda
umebeba biskuti zinazoiva, maelfu kwa maelfu,
na mtoto huamka, pua dirishani.
"Mama, nasikia harufu. Ya nini?"
"Vanila."
"Ina gramu ngapi?"

Nikaanza kuisaka.
Dukani chupa saba, nikazisoma migongo:
maji, sukari, sukari iliyounguzwa, rangi.
Ya nane ilijigamba haina sukari,
na chini, kwa herufi za sisimizi,
sukari ilikuwepo, imekodi jina jingine.
Mlinzi akanifuata rafu hadi rafu,
mwanamke anayesoma bila kununua.

Ngara, kwa Jayshree: "Hii haina pombe. Ina gliserini."
Nikampigia Bi Wanyenje.
"Gliserini nayo tunaihesabu."
Na ile ya pombe? Mama mkwe ni mlokole wa zamani,
pombe haimfikii mjukuu wake hata kwa tone.

Ni Zuhura wa ghorofa ya pili, mzaliwa wa Kisauni,
aliyenikuta ngazini na mfuko mtupu.
"Unatafuta lavani?"
Lavani.
Muda wote huo nilikuwa nauliza kwa jina la chupa,
kumbe kitu chenyewe kina jina lake.
Akanipa namba ya Nakayiza, aletaye kutoka Mukono
maganda yaliyofungwa katika karatasi ya nta.

Matatu tu, kwa bei ya nusu mtungi wa gesi.
Meusi, yamekunjamana
kama vidole vilivyoshinda kwenye povu la nguo.
Nikayapasua kwa wembe, nikakwangua punje
laini kuliko masizi ya kibatari,
nikazamisha vyote katika mafuta ya nazi
na kuweka chupa juu ya friji, penye joto.

Julai ya Nairobi ikayagandisha.
Kila jioni niliikalisha chupa katika maji moto,
nikaitikisa, nikairudisha.
Kyalo alihesabu siku kwenye kalenda ya duka la dawa,
ile ile ninayotia nukta nyekundu akianguka.
Juni, nukta kumi na moja.
Julai, tatu.
Sisemi kitu. Mdomo uliponza kichwa.

Siku yake ya kuzaliwa nilipiga mayai na krimu,
nikapima mafuta, kwa kuwa mafuta hupimwa,
kisha nikachovya ncha ya kisu kwenye zile punje
na kuigusisha juu ya mizani.
Sifuri.
Nikaigusisha tena. Sifuri.
Kyalo alikuwa amesimama juu ya stuli, haamini.
"Basi hii nile nyingi?"

Kikombe kilikuwa kidogo, cha kahawa,
na hakukimaliza; alisema ladha ni ya mafuta,
na kweli ilikuwa ya mafuta.
Ila alikinusa muda mrefu, macho kafumba,
kisha akaburuta stuli hadi dirishani,
akafungua kioo chote, upande wa viwanda,
akakinyanyua kikombe nje kwa mikono miwili.
"Acha na wao wasikie."