Safu Isiyokuwamo

Saa saba mchana darasa la tano B lilikuwa kikaango.
Bati lililia ta, ta, tata, likitanuka
juu ya vichwa sitini na vinane,
na Nkwimba, mtoto wa muuza chokaa wa pale chini barabarani,
alilala kila siku katikati ya sehemu,
shavu lake likifuta robo tatu.

Mimi ndiye mtunza daftari.
Ndiye ninayenunua luku kwa simu yangu,
halafu nabisha hodi ofisini nirudishiwe,
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Taa ziliwaka mchana kutwa, kwa kuwa madirisha ya upande wa ziwa
yalizibwa kwa tofali mwaka ule wezi walipobeba madawati;
na kwa kuwa yalizibwa, tukanunua mapangaboi;
na kwa kuwa mapangaboi yalikula umeme, tukayazima,
yakaning'inia pale kama popo waliokufa.

Akaja mkandarasi, na tai yake, na makaratasi yenye muhuri.
Akaupiga ukuta teke. "Bomoeni," akasema.
"Milioni tisini na sita, viyoyozi vikiwamo."
Mwalimu mkuu alisoma, akaikunja karatasi mara nne,
akaisukuma chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Meza ikatulia.
Hiyo ndiyo faida tuliyoipata kwake.

Basi tukaazima kipimajoto sekondari ya jirani,
tukamkabidhi Lugembe, mtukutu wa darasa la saba,
apime kila saa: chini ya bati, juu ya dawati,
kwenye kivuli cha jabali nyuma ya vyoo
(Mwanza kila mtu ana jabali lake).
Jabali, nyuzi ishirini na sita.
Bati, arobaini.
"Mwalimu," akasema, "kumbe mawe yametuzidi akili."

Tukaanza na tofali.
Kwilasa, mwashi yuleyule aliyeziba,
alilipwa elfu arobaini kuzibua,
akawa anajicheka kila nyundo ilipotua.
Ziwa liliingia kwanza kama harufu:
dagaa, magugumaji, mafuta ya injini.
Kisha kama mwanga. Kisha upepo,
ukapekua madaftari kama mkaguzi.

Asubuhi ya pili wakaingia na wale wadudu wa ziwani,
wingu zima, puani, masikioni, kwenye uji,
na "tulisema!" zikatoka
kwa watu ambao hawakuwa wamesema kitu.
Bi Bituro wa mwaloni akaleta nyavu zake za dagaa zilizochoka.
Tukazikunja mara tatu, tukazipigilia.
Gharama: misumari kilo moja, na soda yake.

Baba yake Nkwimba akatoa chokaa.
Tukaichanganya na chumvi ishike,
tukalipaka bati hadi likaumiza macho.
Akina mama wa Igombe wakasuka matete, tukapata dari,
na juu kabisa, kwenye mgongo wa paa, tukaacha upenyo,
maana hata mgeni mbaya huaga
akionyeshwa mlango.

Lugembe akapima. Thelathini na moja.
Akapima tena, akidhani chombo kimekufa.

Mwisho wa mwezi luku ilibaki na uniti kumi na tisa.
Niliketi na daftari hadi kengele ya jioni.
Lina safu ya mapato, safu ya matumizi, safu ya madeni.
Kisichotumika hakina safu.
Nikachukua rula, nikachora mstari pembeni,
mkono ukitetemeka kidogo, sijui kwa nini,
nikaandika: 19.
Chini yake, kwa penseli, mkaguzi akitaka afute:
Nkwimba yuko macho.
Ameuliza kwa nini robo ni kubwa kuliko moja ya tano
wakati tano ni kubwa kuliko nne.

Masika yameosha nusu ya chokaa.
Jumamosi tunapanda tena.
Njoo na ndoo.