Kilo Ishirini na Tatu

Nimelipachika sanduku lako kwenye mizani ya ufuta,
ile yenye ndoano, mlangoni pa ghala,
na mshale umepita ishirini na tatu
ukaenda kusimama ishirini na sita na nusu.
Usiniangalie hivyo, Onzima.
Miaka kumi na minne napima magunia ya watu hapa Arua.
Mizani haina undugu.

Fungua. Tupunguze.

Mimi sijawahi kufika mbali kuliko Karuma,
ambako nyani alinipora ndizi dirishani,
kwa hiyo usidhani nakufundisha Ulaya.
Nakufundisha kubeba mzigo tu.

Viatu vya mahafali, toa.
Kamusi nene, una simu.
Pasi ya nguo! Nani kakwambia uweke pasi?
Odi inabaki, mikebe yote miwili,
lakini humu katikati ya mashati, si begi la mgongoni.
Binti anayekata tiketi anasema kule uwanjani
chochote kinachopakazika wanakihesabu maji,
na maji mwisho wake pipani.
Sikusaga karanga siku mbili nilishe pipa.

Koti tulilijaribu Jumanne.
Othuma alitufungulia chumba chake cha barafu,
ukasimama kati ya sangara wa Panyimur,
zipu hadi kidevuni,
mimi nje na saa mkononi.
Dakika ya tisa ukagonga mlango.
Nilicheka mpaka Othuma akaniuliza kama nalia.
Nikamwambia ni ule mvuke, umeniingia machoni.
Tukarudi mitumbani kutafuta sweta la kuvaa chini yake.

Karatasi sasa.
Barua ya chuo, vyeti, kadi ya njano ya chanjo:
za asili kifuani, nakala sandukuni,
na nakala nyingine ninazo mimi
ndani ya bati la biskuti, pamoja na hati ya kiwanja.
Laini yako ya hapa usiitupe.
Benki itatuma namba za siri kwenye laini hiyohiyo,
na ukiikosa utakuwa tajiri asiyeweza kununua mkate.
Mwenye nyumba atataka amana kabla hujavua viatu,
hiyo iko kwenye bahasha ya kaki, usiihesabu kama hela.
Ukiumwa, sema unaumwa.
Kupika umejifunza vitu vitatu,
na maharage yako bado yanaungua chini.
Utakula ya juu.

Pandisha tena.
Ishirini na tatu na robo tatu.

Ukaingiza mkono mwenyewe, pembeni kabisa,
ukatoa soksi iliyofungwa fundo,
na ndani ya soksi jiwe la kusagia, lile dogo, la mama.
Tangu matanga nilidhani limepotea.
Hukusema kitu. Ukaliweka juu ya gunia
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
Mshale ukashuka, ukatulia panapotakiwa.

Nikalichukua nikalitia mfukoni mwa koti lako.
Koti likiwa mwilini halipimwi.

Basi liliondoka saa mbili usiku.
Siku ya nne ujumbe ukaingia
gunia la mteja likiwa linaning'inia hewani:
Dada nimefika. Koti linatosha.
Ila plagi zao zina meno mawili ya duara,
chaja yangu haiingii popote,
naazima ya Mnepali wa chumba cha pili.

Katika yote niliyoyapima,
tundu la umeme sikuliwaza.

Nikaandika: nunua yako, usizoee kuazima.
Kisha nikaandika: na jiwe?
Ukajibu: linazuia dirisha lisijifunge.

Mteja akauliza, ngapi, mama?
Nikamwambia ngoja.
Mshale haujatulia.