Kwenye Nane Tuliachana

Mji mkuu huu ungeweza kuukunja ukautia mfukoni.
Toka lango la juu hadi ngome ya mwisho
ni mwendo wa kumenya chungwa na kulimaliza;
nilifika Valletta mwisho, baharini,
vidole bado vinanata.

Kila mtaa huanza na kanisa, huishia majini.
Mawe yana rangi ya mkate uliotoka tanuri,
chumvi imeyatafuna pembeni kama panya mwenye subira.
Juu, vibaraza vya mbao vimeng'ang'ania kuta,
cha kijani, chekundu, kimoja cha buluu kimechubuka,
na nyuma ya vioo, watu wanaojua nani kapita.

Nilikuja kwa mkutano wa siku tatu
juu ya mabomba ya maji taka.
Siku ya pili mwenyekiti akaugua, tukatawanyika.

Hivyo nikawa mgeni wa mchana kutwa.
Nikaona kanisa lenye saa mbili mnarani,
moja ya kweli, nyingine ya uongo,
eti shetani asijue wakati wa kuja kuchukua roho.
Mzinga ukalia bandarini. Watalii wakapiga makofi.
Wao wakasema kumi na mbili.
Mimi, niliyezoea kuhesabu tangu jua lichomoze,
nikasema sita,
nikajiuliza kati ya saa zile mbili
ni ipi niliyozaliwa nayo.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya nne, kwa Bi Ġuditta,
mjane, macho yake yamebakiwa na mwanga wa pembeni tu.
Asubuhi hushusha kikapu kwa kamba;
Vitorin wa mkate hutia miwili, huchukua sarafu,
hugonga ukuta mara moja: vuta.

Jioni nilimkuta chini ya ngazi na mfuko wa viazi.
Nikampokea. Akashika ukuta, akaanza kupanda
akihesabu kwa sauti, kama mtu anayefunga vifungo:
wieħed, tnejn, tlieta,
nami nyuma yake kimya, sielewi kitu,
erbgħa, ħamsa,
sitta.

Nikasimama.

Sebgħa, akasema.
"Saba," nikasema.
Akageuza uso, si kwangu hasa, kwenye sauti.
Tmienja, akasema polepole, kama anayenipima.
"Nane."
Hapo tukaachana.
Disgħa?
"Tisa!"
Nilicheka hadi viazi viwili vikaruka mfukoni,
vikashuka ngazi vikihesabu kwa lugha yao.

Usiku ule, mezani, tulitafuta mengine
kama watu wanaopapasa ufunguo ulioanguka gizani.
Dinja yake, dunia yangu.
Ruħ, roho.
Zokkor, sukari, ile pale kikombeni.
Mumewe, Żaren, alifanya kazi gatini miaka erbgħin,
na hiyo arobaini haikuhitaji mkalimani.
Kisha akaigusa picha yake ukutani, akasema: qabar.
"Kaburi," nikasema.
Hilo hakuna aliyefurahi kulipata.

Ni nani aliyeyabeba maneno haya, kwa meli gani,
kwa hiari au kwa pingu,
hatukuulizana. Chai ilikuwa inapoa,
na yeye alitaka kujua viazi vyetu huko kwetu
huchemshwa na maganda au bila.

Alfajiri nilishuka na begi langu la magurudumu,
ngazi moja moja, nisimwamshe.
Kwenye ya nane nikatamka kwa lugha yake,
vibaya, ulimi ukijikwaa:
tmienja.
Huko juu, mlangoni, ambako nilidhani hakuna mtu,
sauti yenye usingizi:
"Nane."

Nikageuka kumjibu. Gurudumu likanasa kwenye jiwe lililolika,
nikapoteza hesabu.
Ngazi zilizobaki nilizishuka bila namba.