Zamu

Zbyněk analinda ghala la magodoro, Brno,
saa nane usiku, theluji ikipapasa kioo.
Mchezo ni bure, walimwambia. Bure!
Kama mlango wa duka la vito ulivyo wazi.

Miezi saba anaunga kikosi chake:
panya wawili, mfinyanzi, mrina asali,
karata duni ambazo kila pakiti huzitema
kama mbegu za tikiti.
Ile ya volkano, kipenzi chake, ameiondoa.
Ilikuwa nzuri, ila ilikula zamu tatu.

Leo kaangukia kwa mtu wa Lyon,
majoka manne ya dhahabu, yote ya kununua.
Zamu ya tano, uhai umebaki mmoja.

Anamweka mfinyanzi. Mfinyanzi anawafinyanga panya
wanakuwa ukuta. Nyuki wanapita juu.

Ameshinda? Wapi.
Joka la tano lilikuwepo, toleo la jana,
bei yake ujira wa zamu mbili za kulinda.

Lakini kabla ya hapo tajiri alisita,
muda wake ukiyeyuka, kidole hewani,
akiwakodolea macho panya wawili.
Kusita kule hakumo katika pakiti yoyote.

Zbyněk anajimiminia chai.
Anamtoa panya mmoja kikosini.
Anamrudisha.