Muhuri Ulionyooka

Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri
Posta ya Moshi, dirisha la tatu,
kwa hiyo usinifundishe wino.
Naujua mkono uliochoka saa tisa na nusu,
mkono wenye njaa, mkono uliogombana na bosi:
duara hukatika, tarehe huogelea,
nusu ya mwaka hubaki juu ya meza.

Mzee Hasmukh, kabla hajafunga duka,
aliniuzia kwa bei ya kilo mbili za sukari
boksi la viatu: bahasha za askari, Vita vya Pili,
zilizopanda Uru, Mamba, Kibosho,
mgongoni pembetatu ya mkaguzi,
ndani barua zimepita wembe
palipoandikwa mto, palipoandikwa mji.
Kilichosalimika ni namba ya posta ya vitani,
namba tu, kama ya ng'ombe mnadani.

Nimezitandaza kitanda cha wageni,
mia mbili na kumi na nne, kwa lenzi ya fundi saa.
Zimegongwa ovyo zote, na nani alaumu?
Magunia yanangoja, mvua ya Burma haina adabu.

Kisha kopo la biskuti la bibi.
Bahasha tisa. Kwa Ndeanasia binti Kiwale,
Kanisani Mbokomu.
Namba ileile, zambarau ileile,
ila hizi, jamani,
duara zima kama limezungushiwa sarafu,
limesimama wima,
kila tarakimu inakutazama machoni.
Bahati hairudi mara tisa.

Sisi tuliambiwa babu Anaeli alibeba bunduki.
Kila Krismasi bunduki ilirefuka.
Kumbe labda alibeba mpini wa mbao na uso wa chuma.
Nakisia. Niliomba faili lake;
wakajibu halikuonekana
(na barua yao, ajabu, haikugongwa muhuri kabisa).

Lakini nauona mkono ukisita,
ukivuta pumzi, ukikandamiza,
ukisema kwa njia ambayo ofisa
hakuwa na wembe wa kuikata:
niko hapa.

Bibi alisoma Zaburi, hakusoma namba za jeshi.
Kopo akaliweka darini, moshi wa jikoni ukalitunza.

Leo wingu limeshuka hadi Rau, nimewasha taa mchana.
Nageuza ile ya tisa, napitisha kidole nyuma:
karatasi ina kibonde.
Bado kinashikika.

Kaka anapiga simu toka Arusha:
Kwa hiyo hakupigana?
Namwambia njoo. Lete miwani.