Ukurasa wa Kumi na Nne

Kazi yangu ni masikio.
Wanatuma sauti za watu, mimi nazigeuza maandishi,
dakika moja shilingi mia nane,
umeme ukiwepo, Minza akilala,
mama mkwe asipoita kutoka chumba cha nyuma
kuuliza kama maji ya kukanda mguu yameshachemka.

"Si upo nyumbani tu, mama Minza,"
ananiambia Nyanzobe mlangoni,
"nishikie huyu, nafika Kirumba mara moja."
Mara moja yake huanzia hapa Bugarika ikaishia magharibi.
Namshika. Sasa wako wawili.
Hedifoni naivaa sikio moja;
lile jingine ni la nyumba.

Kushoto: mzee wa Igombe anaeleza
bei ya dagaa ilivyoporomoka, anakohoa, anacheka.
Kulia: mfuniko wa sufuria, maji, kimya.
Kimya ndicho kinachoniinua kitini.

Wenye kazi wana sheria:
mtoto akilia nyuma ya msemaji, andika *kelele*.
Nimeshaandika kelele nyingi,
za Igombe, za Kayenze, za Nansio,
kila moja na mama yake mbele ya rekoda
akihangaika kumalizia sentensi.
Kuna siku narudisha nyuma, nasikiliza tena,
si kwa ajili ya neno.
Nataka kujua alipewa ziwa au kofi.

Baba Minza anafundisha Ukerewe.
Ijumaa hushuka melini na sato wawili na swali:
"Mbona unazidi kukonda?"
Nasingizia mawe.
Mtandao wetu unakaa juu ya jabali, nyuma ya choo;
saa sita usiku napanda, kompyuta kifuani kama kichanga,
nahesabu asilimia,
thelathini, thelathini na moja,
jicho liko chini, kwenye dirisha langu.

Jumatatu wakaniandikia kutoka Dar:
kazi nzuri, ila ukurasa wa kumi na nne,
kati ya mwenye mtumbwi na mnunuzi,
kuna msemaji wa tatu, hatumtambui.
Anasema: *Mama uji umeisha. Mama niangalie,
nimesimama kwa mguu mmoja.*
Tumfute?

Swali nikalitazama mpaka chai ikapoa.
Nikajibu kistaarabu: samahani, kosa ni langu,
mfuteni.

Nakala yangu sikuigusa.
Humo bado amesimama,
mguu mmoja,
anasubiri nigeuke.